Inchi Moja ya Kupumulia

Jumatatu, 5 Agosti

Inatosha! Miaka kumi na moja nashona hapa Kanga, na bado bodaboda wakimleta mteja wangu wanamwambia anashuka Kwa Matano. Matano ni fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Kituo kimepewa jina lake kwa sababu tu alitangulia kuweka benchi. Benchi! Mimi Haruni sina hata kona yenye jina langu.

Leo nafasi imekuja yenyewe. Bi Laurencia, mtafiti wa samaki kutoka bara, kaleta gauni nimpunguzie mikono. Anachunguza perege wa bwawani. Kasema samaki wanaofanana hutofautishwa kwa vipimo vya mwili, na aina mpya ikipatikana huweza kupewa jina la mtu. La mtu! Sindano ikanichoma kidole. Nikamwambia kisiwa kizima cha Mafia hakuna anayepima kunishinda. Mke wangu Safia akakohoa. Safia hukohoa kila nikianza mambo yangu.

Jumanne, 6 Agosti

Bwawani na Bi Laurencia tangu asubuhi, kiboko akitutazama kutoka upande wa pili. Yule mama ni fundi jamani! Kwangu mimi perege walikuwa perege tu. Yeye anamlaza samaki ubavu, anashika koleo lake la chuma lenye namba, anapima kutoka ncha ya mdomo hadi shina la mkia. Mkia wenyewe hauhesabiwi, maana hutatuka. Nikafurahi. Hata mimi pindo lililochanika silipimi. Kisha kimo, kutoka mgongoni hadi tumboni. Kisha kichwa. Kisha jicho. Jicho la samaki, kwa milimita!

Nikauliza kwa nini asiangalie rangi. Akajibu kwamba samaki akishatolewa majini rangi humpotea, ila umbo hubaki. Hapa anadhani kuna aina mbili: mmoja kimo chake ni thuluthi ya urefu wake, mwingine ni karibu nusu. Macho yangu hayakuona tofauti yoyote. Koleo liliona. Nilistaajabu mpaka nikasahau kula muhogo wangu.

Jumatano, 7 Agosti

Bi Laurencia kaenda Utende mkutanoni. Nilimbembeleza mpaka akaniachia perege thelathini kwenye barafu, na koleo la akiba. Nimewapima wote kabla ya adhuhuri. Kwa uangalifu wa nguo ya harusi! Kisha nikagawanya kimo kwa urefu kama alivyonifundisha.

Nikakaa chini. Wa thuluthi hakuna hata mmoja. Wengi wamezidi nusu. Mdogo kuliko wote anakaribia kuwa duara! Aina ya tatu! Nikawachungulia tena kwenye barafu. Walionekana perege wa kawaida kabisa. Lakini jana nimejionea mwenyewe kwamba macho hayaoni kitu.

Alasiri nimeandika mlangoni kwa chaki, herufi kubwa: PEREGE WA HARUNI. Matano akavuka barabara kuuliza kama huyo perege anataka mfuko mmoja au miwili. Wivu huo.

Alhamisi, 8 Agosti

Aibu! Bi Laurencia kasoma daftari langu akiwa amesimama. Hakucheka. Alipitisha kidole kwenye namba, juu, chini, juu tena. Akasema hapa kadiri samaki anavyokuwa mdogo ndivyo anavyozidi kunenepa, na hilo si umbile. Kuna kitu kimeongezwa, kiasi kilekile kwa kila samaki. Akaitazama tepu iliyoning'inia shingoni mwangu. Akaniuliza, mtu nikimpima kifua, huwa naandika kifua chenyewe?

Nikajibu hapana, naongeza inchi moja ya kupumulia; urefu ndio siugusi. Kila fundi huongeza. Akauliza, na perege je?

Ya Rabi! Mkono umezoea! Nimewaachia perege thelathini nafasi ya kupumulia, na wote wameshakufa!

Akatoa milimita ishirini na tano kwenye kila kimo. Hapohapo wakajipanga: kumi na wanane huku, kumi na wawili kule. Akawapima watatu upya kuhakikisha. Sawasawa. Mwanamke yule kaiona kazi ya cherehani ndani ya namba za samaki! Nilitaka kulilia jina langu, lakini nilikuwa bado namstaajabia. Akasema mkono wangu hautikisiki. Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu aliyesoma.

Chaki ya mlangoni kaifuta Matano. Kajitolea.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimejirekebisha. Kanzu mpya ya Mzee Iddi nimeikata kwa mwili wake hasa, bila hata milimita ya ziada. Kitaalamu! Akaivaa kwenda swala ya Ijumaa. Kusimama alisimama vizuri sana. Kurukuu hakuweza. Safu nzima ya nyuma ilisikia mishono ikiachia. Mchana kanzu ikapelekwa Kwa Matano kurekebishwa. Safia kasema perege haswali, na kwamba nilipaswa kulijua hilo bila koleo.

Jumapili, 11 Agosti

Bi Laurencia kaondoka na ndege ya asubuhi. Kaniachia koleo la akiba, la kwangu kabisa! Anataka nimpimie kambale thelathini mpaka atakaporudi. Kanisisitiza mara tatu: mwili wenyewe, hakuna cha kupumulia. Nikamwapia.

Kisha akanipa nakala ya ukurasa wa shukrani wa ripoti yake. Jina langu limechapwa! Nikasoma kwa sauti, Safia asikie: "Vipimo vya awali vilichukuliwa na Haruni, fundi cherehani wa Kanga, mkabala na Kwa Matano."

Kumbe anuani yangu alimuuliza bodaboda.

Nimeusoma mara kumi. Mstari mmoja tu, na Matano yumo! Safia kasema nishukuru, jina limetoka. Nashukuru. Mtafiti kama yule sijamwona na sidhani nitamwona mwingine. Nimeliweka koleo juu ya cherehani, nimeomba kipande cha chaki shuleni, na nimepiga hesabu zangu taratibu. Inchi moja imenifikisha kwenye shukrani. Kambale nitawaongezea mbili.