Wastani Unasogea

Jumatatu, 3 Machi
Matokeo yamebandikwa. Nikaanza kusoma ubao kutoka chini kwenda juu, kama kawaida yangu. Huokoa muda. Wastani wangu: 1.9. Wastani wa kubaki chuoni: 2.0. Yaani mtu mzima, mwaka wa tatu, afukuzwe kwa sababu ya nukta!

Karani wa kitivo, mama asiyetabasamu kabla ya saa nne, akasema mlango mmoja bado uko wazi: mtihani wa marudio wa takwimu, Jumatatu ijayo. Nikipata C, nabaki. Nikikosa, nirudishe ufunguo wa chumba.

Mwenzangu wa chumbani, ambaye tunamwita Kamusi kwa kuwa hana swali lisilo na jibu, akajitolea kunifundisha. Nikamshukuru kwa upole wa mtu asiyehitaji. Kusoma ni kwa wenye nguvu. Wenye akili tuna njia.

Jumanne, 4 Machi
Njia imepatikana! Rufaa. Kwenye historia ya uchumi nina C ambayo ukiitazama kwa jicho la huruma ni B iliyodhulumiwa. Ikipanda hiyo, takwimu waisome wengine.

Nikamfuata mwalimu wa somo ofisini. Nikatoa hotuba juu ya haki na jasho la mwanafunzi. Hata mimi nilikaribia kulia. Akaniuliza kama naelewa kwamba karatasi ikisahihishwa upya, alama zinaweza kupanda, kubaki palepale, au kushuka. Nikajibu naelewa. Kwa kweli nilisikia la kwanza tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimejipalia makaa.

Mwalimu amegundua kwamba ukurasa wangu mmoja aliujumlisha mara mbili. C imekuwa D. Wastani: 1.8. Kama hiyo haitoshi, alinisimamisha mbele ya darasa zima akanisifu kwa uadilifu. Akasema alianza kufundisha akiwa na nywele nyeusi na hajawahi kuona mwanafunzi anayekuja mwenyewe kupunguziwa alama. Makofi! Kamusi alipiga kuliko wote, mnafiki yule. Au labda alimaanisha. Kwake ni vigumu kujua.

Nikapita kwa karani. Akasema C haitanitosha tena, sasa lazima nipate B. Akatabasamu. Ilikuwa bado saa tatu.

Alhamisi, 6 Machi
Shangazi amepiga simu. Ananishonea suti ya mahafali, anataka kipimo cha kiuno. Nikamwambia mahafali bado ni mwakani. Akasema kitambaa kizuri hakisubiri. Ukutani kwake, juu ya cherehani, ameshapigilia msumari wa kutundikia picha yangu nikiwa na joho. Msumari upo, picha haipo. Wateja wakiuliza, anawaeleza.

Akauliza masomo yanaendaje. Nikasema wastani unasogea. Akauliza unasogea upande gani. Nikasema simu inakatika.

Mama alipofariki, Shangazi alinichukua nikiwa sijui hata kufunga kamba za viatu. Ada yote ya shule imetoka kwenye mguu wake mmoja, ule wa kukanyagia cherehani. Siku hizi unavimba. Roho iliniuma sana. Mpaka wakati wa chakula cha mchana.

Ijumaa, 7 Machi
Mfa maji haachi kutapatapa. Kanuni za chuo zinasema mgonjwa anaweza kuahirishiwa mtihani. Nikaenda zahanati. Nikamweleza daktari dalili zote: kizunguzungu, usahaulifu, kutokwa jasho nikiona namba. Akasikiliza kwa makini, kisha akasema huo si ugonjwa, hiyo ni takwimu, na foleni yote niliyoiona nje inaumwa hiyohiyo.

Nikafungua mdomo nibishe. Kosa! Akaona gego bovu. Kabla sijamaliza hoja yangu ya pili, gego lilikuwa kwenye kisahani.

Nikaomba, kwa ishara, cheti cha kuahirisha. Akasema mtihani haujibiwi kwa meno.

Jumamosi, 8 Machi
Shavu limevimba kama nimeficha embe. Siwezi kusema neno. Kamusi akaona nafasi yake, akavuta kiti, akaanza takwimu.

Kwa kawaida akifika sentensi ya pili namkatiza kwa utani. Leo sikuweza. Kwa mara ya kwanza maishani nimesikia maelezo ya mtu mpaka mwisho. Jambo la ajabu: yana mwisho! Na ukifika huko, yale ya mwanzo yanaeleweka.

Jioni nikamwandikia kwenye karatasi: wewe ulizaliwa na A? Akacheka. Akasema mwaka wa kwanza yeye alikuwa na 1.6. Alijifungia bafuni akalia, kisha akamwomba dada yake amfundishe. Dada mdogo. Alisema hivyo bila aibu yoyote, huku akinichongea penseli. Nikageuka kutazama dirisha.

Jumapili, 9 Machi
Tumesoma kutwa. Uvimbe umepungua tangu asubuhi, naweza kusema tena. Sikumwambia.

Jumatatu, 10 Machi
Mtihani. Nimejibu maswali yote, na kila jibu nilijua nimelitoa wapi. Nilijisikia kama mwizi. Msimamizi alipopita karibu nilifunika karatasi, nikakumbuka sina cha kuficha.

Ijumaa, 14 Machi
B! Wastani 2.0, bila chenji! Nimesoma ubao kutoka juu kwenda chini, mara kadhaa.

Nikampigia Shangazi nikamwambia nimefaulu vizuri. Nikasikia cherehani ikinyamaza. Kisha akasema, "Basi nipe hicho kiuno, mwanangu." Nikampa.

Mkuu wa kitivo akaniita ofisini. Mama mpole, lakini maneno yake hayana mto. Akasema 2.0 ni ya kubaki tu. Ya kumaliza shahada ni 2.5, na nimebakiwa na mwaka mmoja. Akanisihi nichukue masomo machache niyawezayo, niyasome kama nilivyosoma hili. Kamusi naye kasema vivyo hivyo, na kajitolea jioni zake zote. Nimewashukuru wote wawili kwa upole.

Jumatatu, 17 Machi
Leo nimejiandikisha masomo ya muhula ujao. Wengine wanachukua matano. Mimi nimechukua tisa! Mantiki yake ni nyepesi: ukirusha mawe mengi mtini, hata ukiwa umefumba macho, tunda moja litaanguka. Kati ya masomo tisa haziwezi kukosekana A mbili tatu za bahati, nazo zitayavuta mengine juu.

Kamusi amekaa kitandani kwake ameshika kichwa. Wivu.

Karani aliniuliza mara mbili kama nina hakika, maana wastani haufanyi kazi hivyo. Nikamwambia kwa heshima zote, mama, unaongea na mtu mwenye B ya takwimu.