Mratibu Aliyebonyeza "Sasa"

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa Kituo Jumuishi cha Kahawa Mbivu, kando ya barabara iendayo Litembo, nalo lilisema hivi: kuanzia msimu huu, neno "baadaye" limefutwa katika shughuli zote za kahawa. Mkulima, mtumishi au mgeni atakayelitamka kituoni, au mahali pengine popote kahawa inapomenywa, atafagia uwanja wote. Chini yake ilikuwapo saini ya Bwana Hyasinti, Mratibu Mkuu wa Uharakishaji.

Bwana Hyasinti alilisoma tangazo lake kwa sauti, akiwa amesimama pale ambapo watu wangemwona akisoma. Lilimpendeza. Alikuwa amechunguza kwa kina usemi wa wananchi, akabaini kwamba uchelewaji wote wa Mbinga na vitongoji vyake ulikuwa umejificha ndani ya neno hilo moja. Likiondolewa neno, uchelewaji ungekosa pa kukaa.

Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kufanya mapinduzi mengine. Mashine za mkono za kumenyea kahawa, ambazo kila nyumba ilikuwa nazo nyuma ya jiko, zilitangazwa kuwa mabaki ya enzi za giza. Sasa kahawa yote ingemenywa na mtambo wa kituo, ulioamrishwa na kompyuta. Mkulima angeweka kidole kwenye kioo, angetazama kamera bila kutabasamu, mfumo ungetamka "Karibu, Mkulima," na mtambo ungeanza kunguruma. Kompyuta ikinyamaza, mtambo nao hunyamaza; lakini hilo halikuandikwa popote, kwa kuwa halikutarajiwa.

Sherehe ya Kuziaga Mashine za Mkono ilifana sana. Kwaya iliimba. Wananchi walileta mashine kwa wingi hata Mratibu akalengwalengwa na machozi. Nyingine hazikuwa na mpini, nyingine hazikuwa na meno. Urbani, mwendesha bodaboda mwenye shamba lake la kahawa, alileta cherehani, akaeleza kwamba nayo ni mashine na huzungushwa kwa mkono, ikapokelewa. Bibi Ottilia, mama mkwe wa Mratibu, alileta kifaa cha kusagia nyama kilichokuwa kimestaafu zamani. Mratibu mwenyewe, ili awe mfano, alitoa mashine yake mpya ambayo rangi yake ilikuwa haijachubuka. Lori likazibeba zote kwenda kuyeyushwa. Taarifa iliyopelekwa juu ilisema kwamba katika milima ile haikusalia mashine hata moja. Ilikuwa taarifa nzuri, na kwa upande wa nyumba ya Mratibu ilikuwa pia ya kweli.

Ikafika siku ya mavuno makubwa. Foleni ya magunia ilitoka mlangoni ikapita chini ya migomba hadi barabarani. Kahawa mbivu haina subira: iliyochumwa leo sharti imenywe leo. Ikilala ndani ya gunia huchachuka, na kesho yake hunuka pombe wala haimpati mnunuzi. Mbele kabisa yalipangwa magunia ya Mratibu, mavuno yake ya kwanza kutoka shamba alilopewa na Bibi Ottilia alipomwoa Anjela, tena akaambiwa mbele ya ukoo kwamba shamba lile halijapata kutoa kahawa mbaya. Asubuhi hiyo Anjela alikuwa amemkumbusha.

"Hiyo kahawa ikiharibika, wewe ndiye utakayemweleza mama. Mimi nitakuwa nimesafiri."

"Utasafiri kwenda wapi?"

"Kokote."

Kauthar, mwendesha kompyuta wa kituo, alitoa kichwa dirishani.

"Bwana Mratibu, limekuja sasisho la mfumo. Kompyuta inataka nibonyeze 'Sasa' au 'Nikumbushe' lile neno."

"Neno gani?"

"Silitamki. Jana nimefagia."

"Basi jibu unalo. Bonyeza 'Sasa'."

"Foleni ni ndefu, Bwana Mratibu. Tusingengoja mpaka jioni?"

"Jioni," alisema Mratibu akiwageukia wananchi ili wafaidike, "ni neno lile lile lililovaa koti."

Akaingia ndani, akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe.

Kioo cha kompyuta kikawa buluu, buluu safi, kama Ziwa Nyasa mtu anapoliona kwa mara ya kwanza akishuka kwenda Mbamba Bay. Mtambo ukakohoa, ukanyamaza.

"Wananchi," Mratibu alitangaza, "mfumo unatafakari."

Simu zikaanza kumiminika. Sasisho lilikuwa bovu, nalo lilikuwa limetumwa kila mahali kwa pamoja. Mbinga mjini, ofisi zenye kompyuta zilikuwa na buluu ile ile. Stendi, abiria walipewa nafasi kwenye mabasi kwa mfumo mbadala wa kupaza sauti. Kwenye mialo ya ziwani, mizani za kielektroniki zilikataa kuwatambua dagaa, nao wakauzwa kwa visado bila malalamiko kutoka kwao. Mratibu alipopata habari hizo aliona fahari kidogo. Kwa mara ya kwanza kituo chake kilikuwa sawasawa na vituo vingine vyote.

Akaunda Kamati ya Kusubiri, akajiteua mwenyekiti.

"Mheshimiwa, tunasubiri hadi lini?" Urbani aliuliza.

Mratibu alifungua kinywa, akagundua kwamba jibu alilokuwa nalo alikuwa amelipiga marufuku.

"Hadi wakati," alisema taratibu, "ambao si sasa."

"Wakati huo unaitwaje?"

Kauthar alitazama ufagio uliokuwa umeegemezwa ukutani. Mratibu naye aliutazama.

"Haujapewa jina," alijibu.

Wananchi wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kila mtu na gunia lake. Walipoulizwa waendako, walisema kwamba wanaipeleka kahawa ikapunge upepo. Jua lilipopita utosini, uwanjani yalikuwa yamebaki magunia ya mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti. Ndipo kutoka kila mteremko, juu ya ngolo, yale mashimo ya kuzuia maji yenye matuta yaliyopandwa maharage, ikasikika sauti moja: krrr, krrr, krrr.

"Kauthar, ni ndege gani hao?"

"Ni ndege wa zamani, Bwana Mratibu. Nilidhani umekwisha kuwaaga."

Bwana Hyasinti alitia mkono ndani ya gunia lake. Lilikuwa limeanza kupata joto. Akawaza kwamba katika milima yote ile ni mtu mmoja tu aliyemtii Mratibu Hyasinti, naye ni Hyasinti. Aliona haya kwa kumwamini mtu wa namna ile. Kisha akampigia simu Urbani aje na pikipiki.

Uwanja wa Bibi Ottilia ulikuwa umejaa. Chini ya paa, mashine ya mkono iliyopakwa mafuta vizuri ilizunguka huku maganda mekundu yakirukia upande mmoja na mbegu zikiteleza ndani ya ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Au niseme Bwana Mratibu?"

"Mkwe inatosha, mama. Nimekuja na kahawa. Imeanza joto."

"Pole. Ila hapa hakuna mashine. Taarifa si ilikwenda juu?"

Foleni nzima iliangalia chini kwa heshima, mabega yakitikisika.

"Naona kitu kinachozunguka," alisema Mratibu.

"Hicho ni kitu kinachozunguka," alikubali Bibi Ottilia. "Nacho kina utaratibu. Weka kidole."

Akamsogezea mfuniko wa sufuria. Mratibu akaweka kidole.

"Tazama kamera."

Kamera ilikuwa kuku aliyetulia juu ya kinu. Mratibu akamtazama.

"Usitabasamu."

Hakukuwa na hatari hiyo.

"Mfumo haukutambui," alisema Bibi Ottilia. "Kidole kingine."

Vidole vyote vilipita juu ya mfuniko ule. Kuku aliruka akaenda zake, ikabidi asubiriwe. Hatimaye Bibi Ottilia alitamka, kwa sauti ya puani kama ile ya kompyuta, "Karibu, Mkulima," akamwonyesha mwisho wa foleni.

Zamu yake ilipofika jua lilikuwa linaelekea milimani. Bwana Hyasinti alivua koti, akashika mpini. Kahawa ilikuwa bado haijanuka. Alizungusha hadi viganja vikawaka, mama mkwe akimimina maji na kumwambia kwamba kumbe mikono anayo. Lilikuwa limesalia gunia moja simu ilipolia. Urbani alimshikia sikioni, maana mikono yote miwili ilikuwa na utelezi.

"Bwana Mratibu," alisema Kauthar, "limekuja sasisho la kurekebisha sasisho. Makao makuu wanasema uamue mwenyewe. 'Sasa,' au lile jingine?"

Mratibu Mkuu wa Uharakishaji alilitazama gunia. Alimtazama mama mkwe wake.

"Baadaye," alisema.

Bibi Ottilia aliweka ndoo chini, akaingia jikoni bila haraka, akatoka na ufagio.

"Maliza gunia lako kwanza, mkwe," alisema. "Kisha uanzie kule mbali."