Ukosi wa Fisi-maji

Jumatatu, 2 Oktoba

Mvua. Kanazawa haina habari nyingine. Nimepata kazi. Bi Nobue Kurebayashi, mwenye duka la vitamu vya maharage karibu na daraja, anataka picha ya Gonta. Gonta ni fisi-maji mnene ambaye babake Bi Nobue amemchora kwenye karatasi za kufungia vitamu kwa miaka arobaini. Sasa mikono ya mzee inatetemeka, hawezi tena. Tarehe kumi na tano anatimiza miaka themanini na minane. Binti anataka amwone Gonta wake amekamilika, kwa rangi, amevaa yukata ya sherehe, lile joho jepesi la pamba. Aliniambia nichore kawaida tu, nisijihangaishe.

Sijui kwa nini neno "kawaida" limenichoma. Pengine najua. Rieko Asanuma, niliyesoma naye chuo kikuu na ninayekodi naye chumba cha kazi, huchora manyoya unywele kwa unywele, na watu husema yanapumua. Yangu, alisema mteja mmoja, yanafanana na zulia. Zulia jema nalo si haba. Hata hivyo.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimepata mbinu. Mchoraji mmoja kwenye video anadai kwamba jicho huzoea makosa yake kama pua inavyozoea harufu ya nyumba. Dawa yake: kuigeuza picha kwenye kishikwambi, kushoto kuwe kulia, kama kwenye kioo, kuikagua, kisha kuirudisha. Wengi hufanya hivyo kwa dakika moja. Mimi nimefikiri mbele zaidi. Nitachora picha nzima ikiwa imegeuzwa, na nitairudisha siku ya mwisho. Jicho halitapata nafasi ya kuzoea.

Nimemwomba Bi Nobue asione lolote kabla ya sherehe, ili athari iwe kamili. Alisita. Kisha akasema haya, mtaalamu ni wewe. Nami nilisita, ila kwenye simu hakuona.

Jumamosi, 7 Oktoba

Naandika kwa tahadhari: manyoya yanapumua. Yukata nayo imekwisha, ya manjano, rangi ambayo desturi humvika anayetimiza themanini na minane.

Rieko alipita nyuma yangu na kikombe cha chai, akasimama. "Mitsu, huyo umemvika kama maiti. Kulia juu ya kushoto. Unataka kumzika fisi-maji wa watu?" Kweli, walio hai tunalaza upande wa kushoto wa ukosi juu ya wa kulia, na maiti peke yake huvikwa kinyume. Lakini Rieko hajui kwamba picha yangu imegeuzwa. Nikiirudisha, ukosi utakaa sawasawa. Sikumweleza. Nilimjibu kwamba hiyo ni hatua tu. Akauliza ni hatua ya kwenda wapi, makaburini?

Nilifurahi jioni nzima. Furaha hiyo haikunipendeza sana nilipoichunguza, lakini sikuiacha.

Alhamisi, 12 Oktoba

Juzi nilikuwa na yakini. Jana nilikuwa na maoni. Leo asubuhi nimesimama mbele ya kioo cha bafuni, nimevaa yukata, kishikwambi mkononi. Kioo kinageuza. Picha imegeuzwa. Gonta ananitazama, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwangu. Je, migeuzo ni mmoja, miwili, au mitatu? Nilichora jedwali. Jedwali likasema niko sawa. Nikaona limesema hivyo kwa wepesi unaotia shaka.

Nikafuta ukosi, nikaupaka upya upande wa pili. Kisha nikairudisha picha, nikaandika jina la duka kwenye taa ya karatasi aliyoishika Gonta, nikaipeleka kwa mchapaji wa vitambaa. Ukosi sikuutazama tena. Nilikuwa nimeutazama vya kutosha.

Rieko aliomba kuona. Nikamwambia ataona siku watakayoona wengine.

Jumapili, 15 Oktoba

Kitambaa kilifunuliwa baada ya supu. Watu ishirini wakainua vichwa. Shangazi mmoja aliweka kikombe chake chini polepole sana. Bi Nobue akaniinamia sikioni: "Bi Hatanaka, mbona kulia juu ya kushoto? Baba yangu anasherehekea, hazikwi."

Jedwali lilikuwa sahihi.

Mzee aliomba miwani. Akatazama kwa muda ambao sitausahau. Kisha akasema, "Kumbe Gonta kanitangulia. Vizuri, akaniwekee maji ya kuoga, yawe ya moto." Wawili walicheka, wakaona wako peke yao, wakaacha. Bi Nobue alikiteremsha kitambaa mwenyewe, akakikunja mara nne.

Manyoya hakuna aliyeyataja.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimekwenda kuomba radhi na boksi la taulo, maana hupeleki vitamu kwenye duka la vitamu. Bi Nobue alinisimamisha mlangoni. Alisema Jumatatu ijayo baba yake analazwa, atapasuliwa moyo, na kwa umri huo daktari haahidi kitu. Alitaka aende akiwa na kitu cha kumchekesha. Hakupaza sauti. Ningependelea aipaze.

Mzee akaita kutoka ndani kwamba niachwe niingie, mvua inanyesha. "Binti, mimi sina kinyongo. Maiti nimewaona wengi, hakuna aliyenona hivi. Ila mvike upya, nimtazame kabla hawajanivika mimi."

Bi Nobue alinisindikiza hadi kizingitini. Ukosi tu, alisema. Usiguse kingine. Ni kazi ya nusu saa, si ndiyo? Nikasema ndiyo. Na ni kweli.

Nililia kidogo darajani, chini ya mwavuli.

Alhamisi, 19 Oktoba

Rieko amesikia, mji huu ni mdogo. Hakunicheka, jambo lililoniuma zaidi. Alisema, "Lete, dada, nikupakie. Dakika ishirini, wala sitasema." Nilikaribia kumpa. Kisha nikajiuliza: ukosi ukipakwa na mkono wake, radhi itakuwa ya nani? Nikamshukuru. Akanitazama na kusema, "Mitsu, mzee hakuomba falsafa. Ameomba ukosi."

Nimeliandika hili ili nilitafakari.

Jumapili, 22 Oktoba

Nimelitafakari. Nadhani, ingawa naweza kuwa nimekosea, kwamba kuupaka ukosi upya ni kuficha dalili na kuacha ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa kwenye namna ya kutazama. Kushoto na kulia hufanana mno, hata aliyesoma huchanganyikiwa. Juu na chini hakuna anayevichanganya. Kwa hiyo tangu Alhamisi namchora Gonta upya, kichwa chini miguu juu, na ile ya zamani nimeifuta ili isinishawishi.

Manyoya ni bora kuliko ya kwanza. Hilo nalisema bila kiburi.

Saa kumi na moja jioni Bi Nobue alipiga simu. Baba yake amekwisha kufunga mkoba wa hospitali. Gari linakuja asubuhi. Amekaa mezani tangu mchana, hataki kulala, anauliza Gonta yuko wapi.

Nikatazama skrini. Kichwa kipo. Tumbo lipo, unywele kwa unywele. Mkia upo. Nguo, hata uzi.

Nikamwambia kwamba anavaa.

Akauliza, polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, upande upi unakaa juu.

Nikamwomba anipe muda kidogo nifikiri.