Kabati, Mashuka na Fukuto la Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi

Fukuto. Saa nne asubuhi na fulana imeshanigandia mgongoni. Mke wangu anashona gauni la bibi harusi sebuleni, satini nyeupe pe, taulo shingoni ili jasho lisidondoke. Ameniambia bila kupandisha sauti: gauni linachukuliwa Jumamosi. Likiingia doa hata moja kwa joto hili, yeye na cherehani yake wanahamia kwa kaka yake. Nikamwambia aniachie mimi. Akaguna. Sikupenda alivyoguna.

Huyo kaka yake ni shemeji yangu seremala, mjuaji namba moja. Jioni akapita. Akazunguka sebule, akasema nyumba haipumui kwa sababu kabati la nguo limeziba dirisha la upande wa upepo. Limeziba! Nililisukuma hapo mwenyewe mwaka jana, makusudi, kuzuia joto la nje lisiingie. Kabati haling'oki.

Jumanne, 4 Machi

Dawa nimeipata. Maji! Nimeloweka mashuka yote sita, nikayaanika kwenye kamba sebule nzima, feni nyuma yake. Dakika kumi za kwanza, raha tupu. Nikamwita mke wangu ashuhudie.

Baada ya saa moja kuta zinatoka jasho. Chumvi mezani imekuwa tope. Mashuka hayakauki ng'o, hewa yenyewe imeshiba maji. Mke wangu akalibeba gauni mikononi kama mgonjwa, akalipeleka chumbani, kisha akauliza usiku tutajifunika nini. Sikuwa nimefika huko kwenye mipango yangu.

Jumatano, 5 Machi

Kosa la jana: maji hayakuwa ya baridi. Leo barafu. Beseni zima mbele ya feni. Milango nimefunga, madirisha nimefunga, nyufa nimeziba kwa magazeti ili baridi isitoroke. Barafu ikayeyuka kabla sijamaliza ufa wa mwisho.

Shemeji akabisha hodi. Ikabidi nibandue magazeti yote ya mlangoni. Akatazama beseni, akatazama kabati, akaniuliza kwa adabu kabisa kama kuna mtu ninayemkomoa. Halafu akatoa futi yake akapima meza ya cherehani. Eti anataka kujua kama itapita kwenye mlango wake. Ndani ya nyumba yangu!

Alhamisi, 6 Machi

Ukungu. Vidoa vya kijivu kwenye pindo la gauni, vidogo mno, mimi nisingeviona. Yeye kaviona. Hakufoka. Amelikata pindo lote na kuanza upya, midomo ameikaza, na mimi nimekaa na beseni langu tupu nikiona aibu. Nakiri humu kwa kuwa hakuna anayesoma.

Alasiri akaanza kupanga nyuzi zake kwenye sanduku. Miaka ishirini nimeisikia cherehani hiyo kila siku na kila siku nimeilalamikia. Leo nimegundua sitaki iondoke. Nimemwomba anipe mpaka kesho, nina mpango wa barafu mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi na barafu begani, nikakuta kabati katikati ya sebule. Wamelisogeza wawili, ndugu hao, nyuma ya mgongo wangu. Dirisha wazi. Upepo unaingia hapo, unakatiza sebule, unatokea dirisha la jikoni. Mke wangu anashona bila taulo, anaimba kwa pua. Shemeji kakaa kwenye kiti changu, anakunywa maji.

Nimewaeleza kwamba ubaridi huu umeletwa na ile barafu ya Jumatano, huchelewa kufanya kazi. Mke wangu akanipigapiga begani kama mtu anayembembeleza mtoto.

Jumamosi, 8 Machi

Gauni limechukuliwa. Safi, halina hata alama. Mke wangu amezitoa nyuzi sandukuni na kuzipanga tena rafuni, moja moja, na mimi nimemshikia taa bila kuombwa. Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kaenda kumtembelea dada yake. Mimi nimebaki na kabati, maana kila nikipita najigonga goti. Lazima lipate mahali.

Nikakaa nikachunguza, nikaona kitu ambacho seremala na ujuaji wake wote hakukiona. Upepo wetu mzuri unaingia dirisha moja, halafu wote unatorokea jikoni! Tunaupoteza hivi hivi. Nimelisukuma kabati peke yangu hadi dirisha la jikoni, limekaa barabara, hapiti hata mbu. Sasa ubaridi wote utabaki humu ndani.

Saa nane mchana. Upepo umekoma ghafla. Bila shaka shemeji aliliharibu lile dirisha alipolifungua. Hamna neno, mashuka nimeshayaloweka.

Mke wangu amerudi. Kaingia jikoni, kaliona kabati dirishani, sasa ananiuliza nimeliweka wapi lile sanduku la nyuzi. Sijui analitakia nini siku ya mapumziko.