Malalamiko Dhidi ya Mikono Yangu

Juru, Nakivale
Tarehe 12 Novemba 2015

Kwa Msimamizi Mkuu wa Kibanda-Hewani,
Ofisi ya Mbarara

Mheshimiwa Msimamizi,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na wafanyakazi wako wote, hasa yule anayebadilisha-badilisha mambo ndani ya simu zetu. Huyo namwombea afya zaidi ya wengine, maana nataka awe na nguvu za kurudisha alichokiharibu.

Mimi ni Appolinaire Kalume, mkimbizi kutoka Baraka, Kivu ya Kusini, zamani katibu wa shule, sasa mwenye duka la Appolinaire Vikapu Bora ndani ya soko lenu la simu. Kwetu tunasema kitunga, lakini nyinyi mnaandika kikapu, basi nami naandika kikapu ili tusikilizane. Kwa miaka miwili tumeishi na nyinyi bila neno. Halafu mwezi wa tisa mkatutumia ujumbe wenye picha ya fataki kwamba mmeboresha huduma. Nani aliwaomba? Tangu siku hiyo sina amani, na sasa duka langu linataka kufungwa. Ninayaweka malalamiko yangu kwa namba, kama nilivyozoea kazini.

1. Lugha. Zamani soko lenu lilisema Kizungu, watu hawakuelewa kitu, na biashara ilikwenda vizuri. Sasa linasema Kiswahili. Mteja akifungua duka langu, kabla hajagusa chochote, anaandikiwa kwa herufi nyekundu: KIKAPU CHAKO NI KITUPU. Mheshimiwa, mimi ninauza vikapu! Ndiyo, ni vitupu, ndivyo vinavyouzwa. Watu watatu wamenipigia simu kuuliza kama ninavyo vyenye maharage ndani. Wa nne alisema kama ni vitupu basi nipunguze bei.

2. Ukumbusho. Mtu akitazama kikapu kwenye simu halafu akaenda zake, kesho yake anaandikiwa: UMESAHAU KIKAPU CHAKO. Bwana Hudu wa Kakiika, mfugaji, mtu mzima mwenye heshima zake, aliupata ujumbe huo siku ya Jumanne. Alipanda bodaboda kutoka Mbarara mpaka Juru, akasimama mlangoni kwangu, akauliza kwa Kiswahili chao kile cha barabarani kikapu yake iko wapi. Nilimweleza kwamba hajawahi kufika fasi hii tangu azaliwe. Akanionyesha simu. Ungefanya nini, Mheshimiwa? Maandishi ni maandishi. Nikampatia kikapu. Na kwa kuwa ilikuwa saa ya chakula, alikula ugali wetu, akakigeuza-geuza kile kikapu, akasema kinafanana kabisa na vile vya duka la Mikono Yangu. Mke wangu aliinama akaanza kufuta sahani iliyokuwa safi.

3. Vitu vinavyofanana. Hapa, Mheshimiwa, ndipo moyo unaponiuma. Chini ya kila kikapu changu mmeandika: TAZAMA NA HIVI VINAVYOFANANA. Halafu mnaonyesha vikapu vya Mikono Yangu! Ni muuza duka gani anayemshika mteja mkono na kumpeleka kwa jirani? Na hilo jina lenyewe ni la majivuno, kana kwamba sisi wengine tunasuka kwa miguu. Lakini ubaya zaidi ni wizi. Vikapu vya huyo mtu vina mistari miwili myekundu, na pindo lake linazunguka kwenda kushoto. Katika Juru nzima hakuna mwingine anayesuka pindo la kushoto isipokuwa mke wangu, Yudita, kwa sababu yeye ni wa mkono wa kushoto. Kwa hiyo ni wazi kuna mtu anakaa fasi fulani karibu na kwetu anamchungulia mke wangu akifanya kazi. Nilimwambia Yudita awe anasukia ndani. Alikubali upesi sana, na siku hizi anashinda jikoni na mlango umefungwa.

4. Hii nimeifuta. Ilihusu mtandao kukatika wakati wa mvua. Mke wangu amesema hilo ni la Mungu.

5. Kutana na Fundi. Mmeagiza kila duka liweke picha ya fundi akiwa kazini. Niliweka picha yangu nzuri, nimevaa kravati, nimesimama kando ya vikapu kumi na viwili. Mkajibu kwamba picha haionyeshi kazi. Nikawatumia nyingine, nimeshika kikapu. Mkajibu vilevile. Sasa elewa hali ya nyumbani kwangu: mwenye kusuka ni Yudita, mimi ni upande wa utawala. Kwa miaka saba tangu tufike Nakivale kazi imegawanyika hivyo, na hakuna aliyelalamika. Nilimwomba apigwe picha yeye, jina libaki langu. Akasema kama jina ni langu basi na mikono iwe yangu. Tena wiki ileile vidole vyake vikaanza kumuuma, asiweze kabisa kusuka kwa ajili ya duka. Pole kwake, ni mwanamke mvumilivu, wala hajalia hata mara moja. Siku nzima yuko na ile simu ambayo binti yetu Gradi alimwachia, iko kwenye mfuko wa aproni, anasikiliza kwaya.

6. Nyota. Kwa hiyo nimesuka mwenyewe. Nimesuka vitano. Siwezi kusema ni vizuri, lakini ni vya ukweli. Kimoja kimeinama kidogo upande wa ziwa. Aliyekinunua ameandika mbele ya dunia nzima kwamba kikapu kinaanguka chenyewe bila kuguswa, akanipa nyota moja. Mwingine ameuliza kama ni kofia. Sasa nina nyota moja na nusu, na mmeniandikia kwamba duka lenye chini ya nyota mbili litafungwa tarehe 30 ya mwezi huu. Lifungwe! Duka ambalo bila hilo mimi ni mtu wa kupanga foleni tu, kama nilivyokuwa siku niliyoshuka kwenye lori na mfuko mmoja wa nguo. Watu wa Juru wananiita Patron Vikapu. Mkilifunga wataniita nani?

7. Komande, yaani oda, ya Madame Rashidah. Huyu mama wa Kamukuzi ni kliyan wangu, mteja wa zamani. Binti yake Aishah anaolewa mwezi wa kumi na mbili, na alikuwa anatafuta vikapu arobaini vya zawadi kwa wageni. Vikapu arobaini vingeliokoa duka langu. Alifungua kwangu, mashine yenu ikamwonyesha VINAVYOFANANA, akaenda kule. Amewapa Mikono Yangu vyote arobaini. Nilimpigia simu kwa upole. Akanijibu kwa upole pia kwamba vikapu vyangu vya zamani alivipenda sana, ila sasa anaona fundi wangu amehama.

8. Uchunguzi. Msidhani nimekaa mikono mitupu. Kwa kutumia simu ya rafiki yangu Patient, na jina lake, niliagiza kikapu kimoja cha Mikono Yangu. Nilikuwa nimeketi kwa Patient. Kilifika kwa baiskeli kabla maharage yake hayajaiva, na mtu wa baiskeli alimwuliza Patient kwa nini mimi niko pale, kisha yeye mwenyewe akacheka mpaka akashika mti. Kwa hiyo mshtakiwa yuko karibu, na ana watu wake. Nikakichunguza kile kikapu. Kazi ni safi, siwezi kudanganya. Lakini kinanuka moshi. Basi kwa ajili ya haki niliandika, kwa jina la Patient: Kikapu hiki kimesukwa ndani ya jiko lisilo na dirisha, nanuka moshi mpaka leo. Nikampa nyota moja. Ndiyo alama mbaya pekee aliyonayo, na ilinipa usingizi mzuri.

Kutokana na hayo yote, ninaomba: soko lirudi kama zamani, na lugha yake isiyoeleweka, VINAVYOFANANA viondolewe, duka la Mikono Yangu lifungwe mara moja na mwenyewe aombe msamaha kwa maandishi, na komande ya vikapu arobaini irudishwe kwangu, ambaye vidole vya mke wangu vikipona tu nitaimaliza kwa wiki mbili.

Wasalimie wote hapo ofisini, na familia zenu, na Madame Rashidah mkionana naye. Bwana Hudu mwambieni kikapu kile akae nacho.

Ni mimi, katika unyenyekevu na hasira,

Appolinaire Kalume
Mwenye duka, Appolinaire Vikapu Bora

N.B. Mheshimiwa, juzi kabla ya kuifunga bahasha niliona fomu yenu inataka namba ya simu ya mshtakiwa. Nilikwenda kwa Patient kuitafuta kwenye risiti ya kile kikapu, nikaiandika kiganjani, nikarudi nyumbani. Nilifikiri heri nimpigie kwanza nimpe maneno yake. Nikapiga. Ikalia. Ikalia jikoni mwangu, ndani ya aproni.

Nilisukuma mlango. Vikapu ishirini na sita vilikuwa vimepangwa mpaka juu, na Yudita yuko katikati, ana cha ishirini na saba mapajani, vidole vizima. Hakuona haya. Haya niliona mimi. Aliniambia kwamba miaka saba watu wamesifu vikapu vyake na mimi nimesema merci, na mpaka mlipouliza nyinyi, hapakuwa na mtu aliyewahi kuuliza fundi ni nani.

Kwa hiyo ninaomba usome barua hii kuanzia chini kwenda juu, kisha uichane. Msirudishe chochote. Vikapu Bora lifungeni hata leo. Mikono Yangu msiliguse, maana tayari nimepata kazi huko: nakata mafunjo, nabeba, na sisemi. Niko kwenye majaribio mpaka arusi ya Aishah.

Kitu kimoja tu, tena kwa haraka. Ile nyota ya Patient, tafadhali, ifuteni. Yudita anaisoma kila siku, na tangu jana ananiuliza Patient, ambaye hajawahi kuingia jikoni kwetu, amejuaje kwamba halina dirisha. Dirisha nimeshaanza kulitoboa.