Zipu ya Mama Mkwe Kwenye Kaptura ya Mashindano

Leo nimepata aibu ya mwaka, tena nikiwa nimelowa chapachapa. Acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine ikiwa imetiwa chumvi.

Mnajua naogelea kwenye kile kikundi cha watu wazima. (Wazima wa umri, si wa akili.) Juzi nilinunua ile kaptura ya mashindano, ya kitambaa maalumu kinachoteleza majini. Inabana hiyo! Kuivaa tu ni kazi ya dakika ishirini. Jana nikaijaribu bafuni, na mama mkwe wangu, Bi Zuhura, aliyekuja kututembelea hapa Sparkbrook, Birmingham, kutoka Unguja, akanisikia naguna. Akauliza mlangoni kama tumbo limefunga. Nikamwambia hapana Mama, ni nguo tu.

Leo asubuhi namkuta kwenye cherehani ya mke wangu, ameamka tangu alfajiri. Kaptura yangu iko mikononi mwake. Imeongezwa kitambaa chini hadi kupita goti, na ubavuni ina zipu!

"Sasa utavaa kama mtu," akasema. "Ilikuwa inakubana mno, mwanangu, na ukiinama goti lote nje. Hebu jaribu."

Iliingia kwa sekunde tano. Ila kanuni za mashindano ya leo zinakataza zipu, nilizisoma mwenyewe. Lakini mama mkwe amekushonea kabla hata hajanywa chai, utamwambia nini? Nikasema, "Ahsante Mama, umenifaa sana." (Mke wangu alikuwa zamu hospitali. Angekuwepo angeniokoa.) Nikajipa moyo kwamba waamuzi watakuwa wazee na macho yao hayaoni vizuri.

"Na mimi nakuja, nikaone kazi yangu," akasema Mama. Tukapanda basi.

Bwawani tukamkuta Derek, nahodha wetu, mzee wa miaka sabini na tatu. Wenzake wa zamani ama wamefariki ama magoti yamegoma, na miaka miwili mizima amekuwa akitafuta watu wanne wa kuogelea kwa kupokezana. Leo ndiyo tulitimia. Amenyoa ndevu, amenunua kofia mpya, anapeana mikono na kila mtu hadi mlinzi. Mama akapanda jukwaani na thermos yake ya chai.

Tukaitwa kukaguliwa. Mwamuzi ni mama wa makamo, miwani ameifunga kamba shingoni. Akanitazama mara moja tu.

"Hiyo zipu ni ya nini?"

"Ya mama mkwe wangu," nikajibu. (Ndiyo. Hivyo hivyo.)

Akanieleza kwa upole: nguo ya kitambaa kile lazima ibaki kama ilivyotoka kiwandani. Hakuna zipu, hakuna kiraka, hakuna nyongeza. Nikiogelea nayo, tunaondolewa wote wanne.

Derek aliinamisha kichwa akawa anatazama vidole vyake vya miguu. Heri angenitukana! Kisha akafungua mkoba wake akanipa kaptura yake ya akiba. Kaptura gani, jamani? Kijitambaa cha kufutia miwani. Nikainua macho jukwaani, nikamwona mama mkwe ananipungia mkono. Nivae kile mbele yake? Bora nirudi Unguja kwa miguu.

Mama akahisi mambo si mambo, akashuka. Nikamweleza, maana sasa pa kujificha sina.

"Mwambie nimeshona mimi. Kosa ni langu, wasiwaadhibu wazee wa watu."

Nikatafsiri. Mwamuzi akafungua karatasi zake, akasoma, akasema anayejisitiri kwa ajili ya dini anaweza kuruhusiwa nguo ndefu, mradi iwe ya kitambaa cha kawaida, isiyo na zipu. Nikatafsiri na hilo pia. (Laiti ningenyamaza!)

"Kitambaa cha kawaida? Haina zipu?" Mama akauliza, akaelekea chooni. Akarudi na kitu kimekunjwa vizuri ndani ya mtandio. Taiti zake! Zile nyeusi anazovaa chini ya gauni kwa ajili ya baridi ya Birmingham.

"Mama, hapana, mimi ni mkweo..."

"Mkwe nini? Watu watatu wanakungoja. Safi hizo, nimezivaa leo leo."

Mwamuzi akazivuta huku na huku, akazipitisha. Nikavaa.

Nilikuwa wa mwisho kuruka. Wenzangu walijitahidi, Derek alikuja anahema lakini uso unang'aa. Nikajitupa. Maji yakaingia kwenye taiti, na kiuno chake kikaanza safari ya kwenda magotini. Mkono mmoja ukashika taiti, mwingine ukaogelea. Nikawa nazunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Jukwaani Mama amesimama:

"Shika, mwanangu! Shika!"

Waingereza wakadhani ndivyo sisi tunavyoshangilia. Wakadakia. Bwawa zima, watoto kwa wazee, wanapiga makofi: "Shika! Shika!" Nami nimeshika.

Tulikuwa wa mwisho kabisa. Lakini hatukuondolewa, na muda wetu umeandikwa. Derek alinikumbatia akalia, na mimi nilimkumbatia kwa mkono mmoja kwa sababu mnazozijua. Nilifurahi, siwafichi.

Kwenye basi, tunakaribia kushuka, Mama alifunga thermos yake. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Taiti baki nazo, mwanangu. Mimi sizitaki tena."

Basi naombeni msicheke. Mke wangu anatoka zamu saa mbili usiku, na bado sijapata maneno ya kumweleza kwa nini nimeanika taiti za mama yake.