Jinsi Burito wa Nyasura Alivyozishinda Ringi za Pistoni

Njooni, enyi wana wa Nyasura, nanyi mliotoka Guta na vumbi miguuni, ketini popote penye upenyo, niwasimulie vita vya Burito, Simba wa Spana, aliyeifanya sebule yake uwanja wa mapambano katika miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, akiifufua injini ya pikipiki kuukuu iliyokata roho tangu Mwingereza wake apande meli pale Musoma.

Miezi minane vyuma vilitapakaa mkekani. Ndipo Ndugu Apolinary, balozi wa nyumba kumi, akatamka: "Ndugu Burito, chuma kisichofanya kazi ni kupe. Isiponguruma leo kabla jua halijazama, kesho naipeleka kwa mhunzi, iwe majembe ya shamba la kijiji."

Basi shujaa akazipaka ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, samli ya ng'ombe, maana grisi madukani ilikuwa hadithi tu, akaibana ya kwanza kwa vidole vyote kumi aisukume ndani ya silinda. Hodi! Mzee Nyamhanga huyo, na mtu mzima hasalimiwi kwa kidevu. Shujaa akatoa mkono. Ringi ikafyatuka, ikatua kwenye bakuli la dagaa. Akabana tena. Hodi! Mama Getruda na wenzake watano, wote wa kupeana mkono, wote wa kuulizwa habari za pamba. Mara kumi na moja ringi ilitekwa, mara kumi na moja heshima ikaifungua minyororo. Jua likainama, nyumba ikafurika, na aliyeingia hakutoka, mimi nikiwa wa kwanza, karibu na birika.

Ndipo Dafroza, mkewe, Ngome ya Kizingiti, akasimama mlangoni na upawa.

"Jamani, nyumba hii ilikuwaga na salamu, na bado inazo, ila kuanzia sasa mkono wake ni huu wangu. Nisalimuni mimi. Na wewe mume wangu, Baba Marcelina, ukiachia tena, utalala na hiyo pistoni."

Hakuachia. Ringi ya kwanza ikasalimu amri, ya pili, ya tatu. Akafunga kichwa cha silinda, akaiweka injini juu ya benchi, akaunga mpira wa petroli, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena: kikohozi. Mara ya tatu, injini ikanguruma juu ya benchi, sufuria zikacheza, moshi ukanukia kama jiko la harusi, nasi tukacheka mpaka tukashikana mabega.

Pumzi saba, ikazima. Ndugu Apolinary akachungulia dirishani, akavua kofia.

"Jua lipo. Chuma ni chako, ndugu."

Hata leo, ukimwuliza mtu wa Nyasura ndama wake alizaliwa lini, hakutajii mwezi wala mwaka. Atakwambia: siku tatu baada ya injini ya Burito.